Kabla Haijakauka

Fungua ndoo ya rangi ya maji katika duka lolote la vifaa vya ujenzi hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, iwe imepita mpakani Kasindi ikitoka Kampala au imezungukia Dubai, na utaona kimiminika kizito, cheupe, kisichopitisha nuru. Muuzaji atakutajia bei. Atakuambia inapaka ukuta wa ukubwa gani, na kama ni mchangamfu ataongeza kwamba ile ya duka la jirani imetiwa maji. Hatakuambia kwamba katika kijiko kimoja cha chai cha rangi hiyo mna chembe za plastiki mamia ya trilioni. Upana wa chembe moja ni kama nanomita 150, kiasi kwamba ukizipanga mia tano katika mstari mmoja ndipo unapofikia unene wa unywele.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari. Chembe hizo hazimo katika mtaala wangu kwa kirefu, lakini kila mwaka nazitafutia nafasi, na kila mwaka natoka darasani nikiwa nimefikiria mambo ambayo si kemia tena.

Maji sehemu 180, butadieni 75, stairini 25, sabuni 5, merkaptani nusu sehemu, persulfeti ya potasiamu sehemu 0.3. Funga katika chombo kinachostahimili shinikizo, koroga, weka joto la nyuzi 50. Hiyo ndiyo kanuni ambayo viwanda vya Marekani vilikubaliana kuitumia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ili kupata mpira usiotoka kwenye mti; chembe za rangi nazo huzaliwa kwa njia ya namna hiyo hiyo. Wanafunzi wangu huitazama ubaoni na kudhani wameshaelewa: mafuta yale ya stairini na butadieni yanakatwakatwa kuwa matone, kisha kila tone linageuka plastiki. Sivyo. Molekuli za sabuni hujikusanya zenyewe katika vifundo vidogo sana, mikia ndani, vichwa nje. Persulfeti ikipata joto hukatika na kutoa radikali ndani ya maji, na radikali hizo huingia kwenye vifundo, kwa kuwa vifundo ni vingi kupita kiasi na matone ni machache. Mnyororo wa polima huanzia humo. Matone makubwa yanabaki kuwa ghala. Monoma, yaani molekuli za stairini na butadieni zinazoungana kuwa polima, hutoka humo moja moja, huvuka maji na kwenda kuilisha chembe inayokua, mpaka ghala linakwisha. Katika mji huu, ambako macho yote huelekezwa kwa wafanyabiashara wakubwa wenye makontena, napenda kuwaonyesha vijana kwamba ukubwa wa tone hausemi kazi inafanyika wapi.

Kwa Mkongo kanuni hiyo ina kovu. Mpira uliowatajirisha wengine enzi za Leopold wa Pili ulitoka kwenye mitambaazi ya msitu wetu, na jinsi ulivyolipiwa kila mmoja anajua. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Malaya na visiwa vya Waholanzi vya Asia, serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilipandisha siku za kazi za lazima vijijini kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa msituni kugema mpira wa mwitu. Ng'ambo ya bahari hofu ile ile ya kukosa matairi ikajenga viwanda vya emulsheni, yaani vya kanuni ile ya maji na sabuni, na kufikia 1945 vilikuwa vinatoa zaidi ya tani 700,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa karne ya 20, wanakemia wa Ujerumani walikuwa wameshajaribu kuuiga utomvu wa mti kwa kutumia maji na protini. Walikuwa na sababu ya kuuiga: chembe ya mpira wa asili ina kiini cha mpira na ganda la protini na mafuta, na ganda hilo ndilo linaloizuia isigandamane na jirani yake. Mti ulishaunganisha vitu viwili katika chembe moja muda mrefu kabla ya kiwanda.

Kwa nini viwili? Jibu la kwanza nililipata kwa fundi wa rangi, mzee ambaye mkono wake umepita kwenye kuta nyingi za mtaa wetu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi yake saa moja asubuhi, brashi mkononi, hapaki.

“Papa, mbona huanzi?”

“Mwalimu, ukuta ungali na baridi. Nikipaka sasa, kesho utaokota unga.”

Akaniambia kwamba akipata kazi Beni huanza mapema apendavyo. Butembo iko juu, mita 1,700 hivi, na asubuhi zake zinajulikana. Beni iko chini yake kwa mamia ya mita, kwenye ukingo wa msitu, na joto lake halina simile. Kilomita 54 za barabara zinatosha kubadilisha tabia ya ndoo moja ya rangi. Maji yanapokauka ukutani, chembe husogeleana hadi zikagusana. Hapo zinatakiwa zibonyee, zijaze nafasi zilizo kati yao, na minyororo ya chembe moja ivuke mpaka iingie kwenye chembe ya pili. Ndipo panapatikana utando mmoja usiopitisha maji. Zikiwa ngumu mno kwa baridi ile, zinagusana tu, hazichanganyiki, na fundi anaokota unga wake.

Basi zifanywe laini? Polima ya butili akrilati hubaki laini hadi nyuzi 54 chini ya sifuri. Hakuna baridi ya Butembo itakayoishinda. Lakini ukuta uliopakwa kitu laini namna hiyo hunata siku zote, na mwezi wa saba, malori yanapopita, vumbi lote jekundu la barabara lingehamia humo. Polima ya methili methakrilati, kwa upande wake, hubaki ngumu kama kioo hadi nyuzi 105. Ukizichanganya katika mnyororo mmoja, monoma hii ikifuatana na ile, unapata kitu cha katikati: ugumu kidogo, ulaini kidogo, na hakuna hata kimoja kinachotosha. Mtengenezaji anayetaka ulaini wa kuungana na pia ugumu wa kudumu anaweza kuziweka zote mbili ndani ya chembe moja bila kuziyeyushia pamoja. Kiini kigumu, ganda laini. Ganda linashikana na jirani, kiini kinabeba.

Mpaka hapa darasa linatikisa vichwa, na wapo ambao wameshaandika: ndani kigumu, nje laini. Nawaomba wasubiri, maana jambo lenyewe lenye utamu ndilo linaloanza.

Chembe ya namna hiyo hutengenezwa kwa hatua mbili. Kwanza unakuza chembe za polima ya kwanza, zinazoitwa mbegu. Kisha unaongeza monoma ya pili, ikue juu ya mbegu. Akili ya kawaida inasema kilichotangulia kitakuwa ndani na kilichofuata kitakuwa nje. Akili ya kawaida inashindwa mara nyingi. Mpangilio wa kumimina ni sababu mojawapo tu. Sababu nyingine ni jinsi kila polima inavyopatana na maji. Ile inayoyapenda maji zaidi huelekea nje, ile inayoyachukia hutafuta kujificha ndani, bila kujali nani alitangulia. Chukua mbegu ya methakrilati, uipe stairini iwe ya pili. Polistairini inayachukia maji kuliko mbegu yake. Ikiachiwa nafasi, mgeni ataingia ndani na mbegu itatandazwa nje, iwe ganda la kile kilichoota juu yake.

Ikiachiwa nafasi. Maneno hayo ndiyo yanayobeba kila kitu. Ili polima zibadilishane mahali lazima ndani ya chembe pawe na ulegevu wa kutosha minyororo itembee, na muda wa kutosha itembee. Mbegu ikiwa imelewa monoma na iko kwenye joto, inalegea, na mabadilishano yanafanyika. Lakini kazi ikifanywa kwa nyuzi 70, chini kabisa ya zile 105, na monoma ikiletwa matone machache machache, mbegu inabaki ngumu. Mnyororo mpya unaoanzia pembeni hauwezi kuzama. Unabaki pale ulipokutwa. Ukifungua chembe hizo kwa hadubini ya elektroni unakuta maumbo ambayo hakuna aliyeyaagiza: nyingine zina vinundu juu yake, nyingine ni nusu kwa nusu, nyingine zimemeza vipande vya wenzao bila kuvimaliza. Okubo Masayoshi na wenzake wa Kobe, Japani, wametumia miaka mingi kuzitengeneza na kuzipa majina, mojawapo ikiwa chembe ya mtu wa theluji. Wanafunzi wangu wamemwona mtu wa theluji kwenye televisheni tu, ingawa kilele cha Ruwenzori chenye barafu, siku ya anga safi, kinaonekana kutoka upande wa Beni.

Kwa hiyo kuna umbo ambalo chembe ingetulia nalo kama ingepewa muda wote duniani, na kuna umbo ambalo ilikutwa nalo ilipokuwa ngumu. Chembe nyingi zinazotengenezwa kwa hatua mbili ni za aina ya pili. Na mtengenezaji hodari halalamiki. Mara nyingi ndilo alilolitaka: amelikamata umbo lililo njiani kabla halijafika, kwa kuwa la njiani ndilo lenye kazi.

Mbele yangu wamekaa vijana waliokuja na wazazi wao kutoka Oicha, Eringeti, Mbau na vijiji vingine vya Beni, na wengine waliokuja bila wazazi. Mauaji ya raia kule yalianza kushika kasi Oktoba 2014. Aliyezaliwa 2008 alikuwa na miaka sita. Katika chumba cha walimu nasikia watu wakieleza watoto hao kwa vile walivyotengenezwa navyo: huyu ni wa familia ya wakulima wa kakao, huyu baba yake alikuwa mwanajeshi, huyu wa kabila fulani, ndiyo maana. Kemia imenifundisha kutoridhika na maelezo ya namna hiyo. Unaweza kuwa na makopo mawili ya chembe zenye polima zile zile, kwa asilimia zile zile. Ukiziyeyusha na kuzipima, mashine itakupa jibu moja kwa makopo yote mawili. Na bado moja inatoa utando unaostahimili mvua, nyingine inatoa unga. Tofauti yao haimo katika viungo. Imo katika nini kilifuata nini, kwa kasi gani, na ndani palikuwa na joto gani kilipofika. Ukitaka kuijua huna budi kuikata chembe na kuitazama.

Ndugu wawili nawajua, tumbo moja, walikimbia usiku mmoja. Mkubwa alikuwa ameshamaliza shule ya msingi, mdogo hajaanza. Kwa mkubwa usiku ule uko juu ya kitu kilichokwisha kuwa kigumu. Anausimulia, anautajia tarehe. Mdogo hana la kusimulia, kwa sababu kwake umeingia ndani na mengine yote yamekua kuuzunguka. Nani kati yao amepona zaidi, mimi sijui, na namwonea shaka anayejua haraka.

Kuna sehemu ya somo hili ambayo nilikuwa naipitia juujuu kabla ya 2018. Ni kuhusu sabuni. Unapolisha mbegu zako monoma ya pili, kuna sabuni ya kiasi ndani ya maji inayozishikilia zisigandamane. Ukiongeza sabuni nyingi ukidhani unazisaidia, vifundo vipya hujitokeza, na monoma yako, badala ya kwenda kwenye mbegu zilizokuwapo, inaanzisha chembe mpya pembeni. Mwisho wa siku una makundi mawili katika chombo kimoja: mbegu za zamani ambazo hazijapata kitu, na chembe changa za polima ya pili zinazoogelea peke yazo. Wanakemia hulihesabu hilo kuwa hasara, na huipima sabuni kwa makini.

Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa, baada ya wagonjwa wa Mangina, karibu na Beni. Hadi ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wameugua watu 3,470 na kufa 2,287. Nchini kwetu hatujawahi kuona Ebola kubwa kuliko hiyo. Fedha zilikuja, magari yakaja, wataalamu wakaja, na chanjo ikaja ambayo ilichomwa watu zaidi ya 300,000. Bila hayo tungezika wengi zaidi, na atakayebisha na aende makaburini akahesabu upya. Lakini mji ulikuwa na vituo vyake vya afya, wauguzi wake, machifu wa mitaa, mapadri na wachungaji, akina mama wa sokoni ambao neno lao hufika mbali kuliko redio. Misaada mingi haikupitia kwao. Ilijijengea vituo vyake, mishahara yake, misafara yake, na watu wakaiita kwa neno moja la Kifaransa, Riposte, yaani mwitikio, wakiitaja kana kwamba ni kabila jipya lililohamia. Muuguzi wa kituo cha mtaa alikosa glovu wakati gari jipya linapita mlangoni pake. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili mwaka huo daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu hapa Butembo. Waliomuua wana dhambi yao, na hakuna kemia ya kuwapunguzia. Ninachosema ni kidogo zaidi: mji ulikuwa umeona kitu kikikua kando yake badala ya kukua juu yake, na uvumi ulipata pa kukaa katika nafasi iliyobaki kati ya viwili hivyo.

Tangu hapo kila ninapochora vifundo vipya vya sabuni ubaoni huwa nanyamaza kidogo. Wanafunzi wakubwa wanajua sababu.

Wakimbizi wa ndani wa Beni, kwa kiasi kikubwa, hawakuwekwa kambini. Walipokelewa na familia: shangazi, rafiki wa kanisani, mtu aliyewahi kununua kakao kwa baba yao. Nimeangalia kwa miaka jinsi nyumba hizo zilivyokwenda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na nyumba zilizofanikiwa ni zile zilizolitoa jembe mapema. Aliyefika alipewa shughuli na nafasi, akawa mtu wa nyumba kabla mwingine hajagonga mlango. Katika chombo cha kemia hali hiyo hupatikana kwa kubana mlisho, monoma inayofika ikatumika papo hapo na isirundikane. Zipo pia nyumba ambazo watu kumi na zaidi waliingia kwa usiku mmoja kwa sababu bunduki hazikuwapa nafasi ya kuja polepole. Humo mbegu yenyewe ililegea. Nilimtembelea mama mmoja ambaye, baada ya mwaka, alikuwa anaomba ruhusa kwa wageni wake atumie jiko lake mwenyewe. Alinieleza huku anacheka. Wageni nao walicheka, wakampa kiti.

Mwenzangu anayefundisha falsafa ameniambia, na ana haki, kwamba mfano huu ukiuvuta sana unakatika. Chembe haina habari ya kilichoipata. Haisameheani na chembe mwenzake. Mimi nina hofu nyingine kuliko yake: katika kila chombo yupo mtu aliyesimama nje ameshika bomba la mlisho, na atakayesoma tafakari hii akajiona ndiye yeye atakuwa amenielewa vibaya sana. Mkoa huu umewahi kuwa na watu wengi wa aina hiyo, wenye sare na wasio na sare, waliojua ni kiasi gani cha watu kimiminwe wapi. Mimi naitazama chembe kutoka ndani, ambako hakuna bomba, kuna kinachofika na hali uliyonayo kinapofika.

Mwaka huu kijana mmoja kutoka Oicha, mkimya, wa benchi la nyuma, aliuliza swali ambalo huulizwa na wachache.

“Mwalimu, ile iliyokwama, inaweza kufunguka?”

Nikamjibu kwa kemia, maana ndilo swali aliloliuliza. Inaweza. Ipashe joto hadi ipite zile nyuzi 105, au iache ndani ya mvuke wa kitu kinachoiyeyusha, toluini kwa mfano, na minyororo itaanza kutembea tena. Vinundu vitazama, nusu itaizunguka nusu, umbo litasogea kuelekea lile ambalo lingetulia nalo. Inachukua muda, kwa kuwa mnyororo mrefu husogea kwa kujipenyeza kati ya mingine, na kadiri ulivyo mrefu ndivyo unavyochelewa. Na ukiondoa joto mapema, unaikuta imekwama tena, mahali pengine.

Akaandika yote, akapigia mstari neno toluini. Kisha akainua mkono tena kuuliza kama hilo litakuja kwenye mtihani wa taifa, Exetat. Nikamwambia sidhani.

“Basi,” akasema, na hakulifuta.